Fundi wa Nyufa

Bomba la gesi lililofukuliwa, kwa jicho tupu, huonekana zima kabisa. Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayeshuka mtaroni kule Alberta au Ontario, nchini Kanada, kusaka nyufa nyembamba kama unywele.

Nyufa hizo huzaliwa pale chuma kinachovutwa na presha mchana na usiku kinapokutana na maji ya udongo. Machi 1965, karibu na Natchitoches, Louisiana, bomba lenye nyufa za namna hii lilipasuka likaua watu 17. Kanada nayo, baada ya mabomba yake kadhaa kupasuka, ilifungua uchunguzi rasmi mwaka 1995. Lawama nyingi ziliangukia mkanda wa plastiki uliozungushiwa mabomba ya zamani: ukibanduka kando ya mshono, maji hutuama chini yake, na umeme wa kuzuia kutu haufiki.

Fundi mzuri akishautoa mkanda hakimbilii kusafisha. Kwanza hupima maji yaliyonaswa na kukagua ule ute mweupe wa chumvi za chuma, kabla hewa haijaugeuza rangi ya kutu. Kisha husafisha, tena kwa kiasi, maana kupiga mchanga kwa nguvu hufunga midomo ya nyufa. Hupaka rangi nyeupe, koti jembamba tu, halafu huweka miguu miwili ya sumaku ya umeme kufuata mzunguko wa bomba, kwa kuwa nyufa nyingi hulala kwa urefu. Sumaku ikiwa imewashwa, hunyunyiza maji yenye chembe nyeusi za chuma. Huacha kunyunyiza kwanza, ndipo azime sumaku. Akigeuza utaratibu huo, maji yatazisomba chembe na ufa utapotea. Akiufuata, mistari myeusi hujitokeza, kadhaa kwa pamoja, sambamba. Uzuri wa kazi hii kwangu uko hapo: jicho linaona kile tu ambacho mkono umekiandalia njia.

Baadaye husaga kidogo, hunyunyiza tena, hupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na kurudia mpaka mstari uishe. Kina cha kila ufa, aina ya udongo na hali ya maji huandikwa, na wahandisi huvitumia kuchagua mahali pa kuchimba tena.