Mbesa, Jamani, Mbesa!

Rafiki yangu, acha unachofanya unisikilize. Mbesa! Nimerudi sasa hivi, viatu vimejaa vumbi jekundu, shati linanukia maranda ya mninga, na wala silifui! Unatoka Songea alfajiri, unapita Namtumbo, lami tupu mpaka Tunduru mjini, halafu unaiacha lami, unashika barabara ya vumbi kuelekea kusini magharibi, na miombo inakumeza. Na miombo yenyewe ya Oktoba, jamani! Mvua hata hazijaanza, lakini miti imeshachipua majani mekundu, mekundu ya kutu, ya shaba, ya damu ya mzee, msitu mzima unawaka na hakuna moto. Nani aliniambia machipukizi lazima yawe ya kijani?

Mji wenyewe mdogo. Wengi huusikia kwa sababu ya Hospitali ya Misheni, basi. Mimi miguu ilinipeleka moja kwa moja kwa maseremala, na huko ndiko nilikopagawa. Fundi anasukuma randa juu ya ubao wa mninga, maranda yanajikunja, yanaanguka, harufu tamu tamu inapanda, halafu anakwambia: shika. Nikashika. Laini! Laini ajabu, ya hudhurungi yenye michirizi, unapitisha kiganja, unarudia, unarudia tena, watu wanakusubiri na wewe hutaki kuachia. Na bado! Akaleta kipande cha mpingo, kidogo tu, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikazama! Mti unazama, chubwi, mpaka chini! Ukikitazama pale kilipokatwa, nje ni cheupe cheupe, ndani cheusi ti, kizito, baridi kidogo. Kumbe mti huu huu ndio unaotengenezewa zumari za orkestra kubwa za Ulaya, klarineti na obo. Sasa hivi kuna mtu ukumbini Vienna anapuliza mti wa kwetu!

Halafu ukauone mninga uliosimama. Matunda yananing'inia kwenye matawi makavu, duara, katikati manywele magumu ya kuchoma, kuzunguka pembeni bawa jembamba la kuruka na upepo. Na gome likikwaruzwa linatoa utomvu mwekundu kabisa, unatiririka, nikarudi nyuma hatua mbili! Ukitaka mbao, nunua zenye kibali, za magogo yaliyogongwa nyundo ya misitu. Hili nakusihi kwa moyo wote, kwa sababu miti hii ina wenyewe.

Wenyewe ni tembo! Upande huu wote ni nchi ya ushoroba wa Selous na Niassa: tembo wanatoka huko kaskazini kwenye Pori la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wanapita misitu ya vijiji vya Namtumbo na Tunduru, wanavuka Mto Ruvuma, wanaingia Niassa kule Msumbiji, wanarudi wakitaka. Hawaulizwi pasipoti! Tuliongozana na askari wa wanyamapori wa kijiji (usiende peke yako, tafadhali sana), tukakuta nyayo mbichi kwenye tope la mbuga iliyokuwa inakauka. Nikaweka mguu wangu ndani ya unyayo mmoja, ukapotea. Kando yake mti umechunwa gome, bado una unyevu. Moyo wangu, we acha tu!

Na bado! Ruvuma yenyewe, pana, mchanga mweupe, maji yamepungua yakabaki madimbwi na mikondo, furukombe analia juu, kiboko anakoroma usimwone, halafu masikio mawili tu yanatokea, yanatikisika, yanazama. Nikanyamaza, mimi! Wewe unanijua.

Jioni korosho mpya, zimechomwa kwa moto wa kuni, maganda meusi, ndani moto, tamu, mafuta mafuta, unaungua vidole na bado unachukua nyingine. Tafadhali nenda kabla mvua hazijachafua barabara. Mimi narudi Juni, nione mbuga zikiwa bado na maji, na nafasi moja kwenye gari ipo. Unakuja au huji?