Hongera Idara za Masomo

Shule za sekondari Tanzania zinapofunga Desemba, kidato cha nne wameshamaliza mtihani wao wa Novemba, na sifa humwendea atakayetangazwa kufaulu Januari. Kabla hajatangazwa, tuzipongeze idara zilizomfikisha hapo.

Tuanze na maabara. Wiki kadhaa kabla ya mtihani wa vitendo, walimu wa Kemia na fundi wa maabara huandaa myeyusho, huosha bureti na pipeti, kisha hufanya jaribio wenyewe kwanza. Kiashiria cha methili oranji kikichelewa kubadilika kutoka njano, wanajua kipimo kimekosewa, na kazi huanza upya. Mtahiniwa hataiona kazi hiyo.

Idara ya Jiografia imewafundisha vijana kusoma ramani ya 1:50,000: sentimita mbili mezani, kilomita moja ardhini. Idara ya Kiswahili imesahihisha insha rundo kwa rundo, ikipambana na ngeli na herufi kubwa. Na Hisabati, somo linaloangusha wengi mwaka hadi mwaka, walimu wake wamerudi jioni na Jumamosi kuwafundisha waliokata tamaa. Mwanafunzi aliyetoka F akapata D hatapewa zawadi kwenye mahafali, lakini idara inajua kazi iliyofanyika.

Wakuu wa idara, walimu wa taaluma na mafundi wa maabara, hongereni. Wazazi na bodi za shule, matokeo yakitoka, wapongezeni na hawa kwa majina yao.