Fungua Boksi la CNC Kabla Hujalisifia

Fundi mmoja wa samani alinifungulia boksi la umeme la mashine ya CNC aliyoiunda mwenyewe kwa ajili ya kuchonga milango, akarudi nyuma hatua moja anisikilizie. Nyaya zote zilipita kwenye mfereji mmoja wa plastiki, zimebanwa kila baada ya vidole vitatu, hakuna hata mmoja uliochomoza. "Mzee, umeiona kazi?" Nikamwambia awashe spindeli, mota inayozungusha biti. Ilipochanganya kasi, mashine ikaganda na kompyuta ikaandika ALARM:1, yaani swichi ya mwisho wa reli imeguswa. Daraja linalobeba spindeli lilikuwa katikati ya meza, halijagusa kitu.

Unadhifu ndio uliomponza. Alikuwa amemlaza mtoto mchanga chumba kimoja na mpiga ngoma.

Mpiga ngoma ni VFD, kifaa kinachoendesha spindeli (si ile ya risiti za TRA, ingawa nayo ina kelele zake). Huchukua umeme wa ukutani wa volti 230, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 320 hivi, kisha huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde mpaka upatikane umeme wa hezi 400 unaozungusha spindeli mara 24,000 kwa dakika. Kila mkato ni kofi, na waya wa jirani hulisikia. Mtoto ni waya wa swichi. Kwenye Arduino Uno yenye programu ya GRBL, waya huo hushikiliwa kwenye volti 5 kupitia ukinzani wa ndani wa kiloomu 20 hadi 50. Mshiko huo ni dhaifu mno.

Kwa hiyo mimi huanza na kebo ya spindeli. Zima, chomoa, subiri dakika 10, maana kapasita za VFD hubaki na chaji. Kebo ya maana ina wavu wa shaba ndani ya ganda lake, lakini wavu wananunua wengi. Mtazame fundi pale wavu unapoishia. Wengi huusokota ukawa mkia wa panya, wakauunga kwa kipande cha waya hadi kwenye skrubu ya mbali. Kwa kelele za kasi hiyo, mkia hausaidii sana. Aliyebobea huchuna ganda, akauacha wavu mzima ukizunguka kebo kama bangili, akaubana kwa klampu juu ya bamba la chuma. Fungua klampu uchungulie chini yake: ukikuta rangi, kazi haijaisha. Chuma kinatakiwa king'ae hapo.

Kisha shika testa. Plagi ya spindeli ina pini nne, tatu za umeme na moja ya ethi. Kwenye spindeli nyingi za bei nafuu hiyo ya nne haijaunganishwa na chochote ndani. Weka ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye mwili wa spindeli; usomaji usipokaribia sifuri, wavu wako mzuri hauna pa kufika upande huo, na mwili wa spindeli hauna ethi siku umeme ukivuja.

Kati ya kebo hiyo na nyaya za swichi nadai walau shibiri moja. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba. Waya wa swichi uwe pea iliyosokotwa, na wavu wake ufungwe upande wa boksi tu. Swichi yenyewe napenda iwe ya kukata mkondo inapoguswa, tena kwa volti 24 kupitia optokapla. USB iwe fupi. Zile shanga nyeusi za feraiti, nikiziona nyingi, huanza kushuku kuna ugonjwa uliofunikwa.

Mwisho hubandika karatasi mezani, nikachora msalaba kwa penseli na kushusha ncha ya biti kwenye makutano. Nainua, spindeli inakwenda kasi kamili, programu inachonga hewa nusu saa, huku nikiwasha na kuzima kifyonza vumbi. Kisha nairudisha ncha kwenye msalaba: hatua za mota zilizozaliwa na kelele, zikijikusanya, zitaonekana hapo. Ncha ya mashine ya fundi wa samani, baada ya yeye kuuvunja mfereji wake na kununa siku mbili, ilirudi ikatua palepale. Nyaya zake sasa zimetawanyika kama mizizi ya mkoko, na amenikataza kupiga picha.