Mnubi, Msamoa na Gari la Kukodisha

Pasaka ya 2024 mimi na rafiki yangu tulikodisha Mazda MX-5, ile ya viti viwili na paa la kukunja, tukateremka nayo Vasha kuangalia Safari Rally. Pesa za gari zilitoka kwake. Mimi nilichangia mafuta, na hata hayo si yote. Tovuti fulani ilikuwa imenipa kazi ya kuandika maneno 800 kuhusu vumbi, umati na sherehe, na kusema kweli nusu ya hayo maneno nilikuwa nayo kichwani kabla hatujafika Rironi.

Lawama nampa Hunter S. Thompson. Fear and Loathing in Las Vegas nilikinunua inama, kipindi kile nimeacha chuo mwaka wa tatu na nyumbani bado nawaambia nimeahirisha tu. Kilinikuta pabaya, yaani pazuri. Mwaka 1971 Thompson alitumwa na jarida la Sports Illustrated kwenda Las Vegas kuandika maelezo mafupi ya Mint 400, mbio za pikipiki na magari jangwani. Walitaka maneno 250. Akawapelekea kama 2,500, wakayakataa, na huo uandishi uliokataliwa ndio ukakua ukawa kitabu. Hebu fikiria stori hiyo inavyosikika kwa mtu ambaye hana digrii na barua pepe zake hazijibiwi.

Ndani ya kitabu, mwandishi anayejiita Raoul Duke na wakili wake, Dr. Gonzo, wanakodisha Chevrolet nyekundu ya paa wazi, wanaipakia dawa za kulevya za kila namna, wanakata jangwa. Mbio zenyewe hawazioni. Vumbi linafunika kila kitu, wanarudi kwenye baa, na kuanzia hapo mbio zimeisha, kimebaki kitabu.

Vumbi nililipata pia. Tulishuka kwa barabara ya chini, tukapita lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, na kuanzia Mai Mahiu kila tuta tulilipanda kimshazari, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi, na bado tumbo la gari lilikwaruza. Ukikaa kwenye MX-5, tairi la lori liko usawa wa macho yako. Gari la namna hiyo ni la kuonekana ukiwa ndani yake. Kwenda nalo mahali popote palipo na mawe ni ujinga, kwa hivyo kule kwenye mbio za Kedong tulienda kwa boda, tukasimama kwenye umati, tukaona mawingu mekundu yakipita na mlio ndani yake. Kwamba Kalle Rovanperä alishinda nilisoma kwa simu.

Nikaandika. Nikampeleka rafiki yangu kwenye stori kama Dr. Gonzo wangu: Mswahili wa Mombasa, mdomo haufungi, shati la maua, miraa shavuni, anamtongoza kila mtu mpaka muuza mahindi. Watu walicheka sana. Walinitumia meseji. Mmoja aliniuliza kama huyo jamaa wa Mombasa anaweza kualikwa kwa kipindi.

Jamaa si wa Mombasa. Ni Mnubi wa Kibra, kizazi cha nne pale. Babu wa babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan. Hata jina la mtaa ni la kwao, ni neno la Kinubi la msitu. Utani wa Mombasa, lakini, ni wake mwenyewe. Tukiwa mahali akaulizwa kwao ni wapi, anaweka lafudhi na kusema Mombasa, kwa sababu akisema Mnubi yanafuata maswali mengine matano. Mimi niliuchukua huo utani nikauandika kama habari.

Na kuna kitu nilikiacha. Tukirudi Jumapili tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Leseni, akatoa. Kitambulisho, akatoa. Askari akasoma jina, akageuza kadi, akasoma tena.

“Wewe ni wa wapi?”

“Nairobi, afande.”

“Nairobi wapi?”

“Kibra.”

“Hapana, nauliza kwenu ni wapi.”

“Ni huko huko, afande.”

“Na hii gari ni ya nani?”

Tulikaa pale karibu saa nzima. Akatoa karatasi za kukodisha. Akatoa, bila kuulizwa, nakala ya kitambulisho cha babake, ambayo sikujua kama huwa anaibeba. Wakati huo Wanubi wengi wakifika miaka 18 hawakuenda tu kuchukua kadi kama nilivyoenda mimi. Waliitwa mbele ya kamati kuhojiwa kama ni Wakenya. Yeye ilimchukua zaidi ya mwaka. Mimi siku hiyo kitambulisho changu kilikuwa kimebaki mezani nyumbani, na hakuna aliyeniuliza. Tulipoachiliwa alifungua paa, akawasha muziki, akaweka ile lafudhi. Tukacheka.

Kipande hicho sikukiandika kwa sababu kingeharibu raha ya stori. Nilijiambia namlinda. Alipoisoma alinipigia, na yeye si mtu wa kupiga simu. “Sasa hapa umenificha ama umenifuta?”

Nikarudi kwa Thompson kutafuta utetezi. Nikapata kesi.

Dr. Gonzo katika kitabu ni Msamoa wa ratili 300. Mtu aliyekuwa kwenye gari lile hakuwa Msamoa. Aliitwa Oscar Zeta Acosta, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, wakili wa vijana wa Chicano waliokuwa wakishtakiwa kwa kuandamana Los Angeles. Mwaka 1970 aligombea ukuu wa polisi wa kaunti, usherifu, akapata kura zaidi ya laki moja, akashindwa. Thompson naye aligombea usherifu Colorado mwaka huohuo, naye akashindwa. Ninawapenda wote wawili kwa hilo peke yake.

Na safari yenyewe haikuanza na mbio. Tarehe 29 Agosti 1970, wakati wa maandamano ya Chicano dhidi ya vita vya Vietnam, mwandishi wa habari Ruben Salazar aliuawa akiwa ameketi ndani ya baa, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa na naibu sherifu. Thompson alikuwa anaandika kuhusu kifo hicho na Acosta ndiye aliyekuwa mlango wake wa kuingilia. Lakini mjini hawakuweza kuongea kwa uhuru, kila mahali kulikuwa na masikio. Mint 400 ikawa kisingizio cha kutoka. Yaani wawili hao walikodisha gari ili wapate mahali pa kuongea juu ya mtu aliyeuawa na polisi, na katika kitabu kilichozaliwa humo kifo hicho hakibebi uzito wowote. Kimebaki kicheko.

Mawakili wa mchapishaji waliogopa kushtakiwa, wakataka ruhusa ya Acosta. Kilichomuudhi, inavyojulikana, hakikuwa yale mambo ya aibu. Kilichomuudhi ni kugeuzwa Msamoa. Alikubali kwa sharti kwamba jina na picha yake viwekwe kwenye jalada, na vikawekwa: yeye na Thompson mezani kwenye kasino.

Ukikisoma tena ukijua hivyo, kitabu kinabadilika rangi. Angalia nani anafanya nini. Msichana mdogo anayechora picha za Barbra Streisand analetwa hotelini na kuleweshwa na nani? Gonzo. Kwenye mgahawa wa usiku kule North Las Vegas, nani anamtolea mhudumu kisu? Gonzo. Duke anakaa, anatazama, anaandika. Hiyo sehemu ya mgahawa ndiyo bora kuliko zote kitabuni, kwa sababu kwa mara moja mchezo unakoma na mwanamke mzima anatetemeka mbele yetu. Ila hata hapo Duke anatoka na mikono safi. Rafiki amebeba ukatili wote, na mwandishi amebeba kalamu. Katika filamu ya Terry Gilliam ya 1998, Benicio del Toro anamcheza Gonzo vizuri mno, na uzuri huo unazidisha tatizo: anabaki mnyama wa kufurahisha anayetapika.

Bado nakipenda. Sentensi zake zinakimbia, na sijui mtu yeyote wa rika langu anayeandika insha ambaye hajamuibia kitu. Ninachosema ni kwamba mbinu ile ina gharama, na anayelipa amekaa kiti cha pembeni.

Acosta aliandika chake. The Autobiography of a Brown Buffalo kilitoka 1972, naye mle ndani ni mtu wa kuendesha gari pia, anakimbia kazi, anatafuta yeye ni nani. Ni kitabu kichafu, kirefu pale kisipostahili, na namna kinavyowaona wanawake inachosha. Usamoa upo humo: ni utani wake yeye, anaoutoa mwenyewe kwa watu wasiojua wamweke wapi. Na karibu na mwisho yuko mpakani, anataka kurudi Marekani kutoka Ciudad Juárez, hana karatasi hata moja, na afisa anamwambia hafanani na Mmarekani. Sura hiyo niliisoma mara tatu. Thompson, na sentensi zake zote, hangeweza kuiandika. Hakuwahi kusimama upande ule wa dirisha.

Acosta alipotea Meksiko mwaka 1974, hakuonekana tena. Mwaka 1977 Thompson alimwandikia tanzia ndefu kwenye Rolling Stone, yenye mapenzi na matusi kwa viwango sawa.

Kitabu cha Acosta nilimpa rafiki yangu. Anakisoma kwenye mathree, namba 8, akienda kazini, na amesema jamaa anajipenda sana. Hii insha pia nilimpa kabla ya kuituma. Nilimuuliza kama nitaje jina lake. “Andika Mnubi. Jina wacha. Na uandike nani alilipa.” Akarekebisha kitu kimoja tu, ile saa nzima pale kizuizini. Zilikuwa dakika 25, alikuwa ameangalia saa. “Wewe uliona ni saa nzima,” akasema, “kwa sababu hujazoea.”