Kuugawa usiku wa Masama kwa tatu

Moja ya kata za Wilaya ya Hai inaitwa Masama Magharibi. Mgeni akilisikia jina hilo huona upande wa ramani. Mwislamu wa huko husikia pia sala ya kwanza ya usiku. Kiswahili kimeyachukua majina ya sala kikayafanya majira ya siku: tunapeana miadi "baada ya Alasiri", tunaanza safari "alfajiri na mapema", hata asiyesali. Saa yetu nayo huanza kuuhesabu usiku pale jua linapotua, kama inavyouhesabu sheria. Ndiyo maana usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa Mwislamu, tayari ni wa Ijumaa.

Uchambuzi wa leo unahusu mipaka. Usiku wa ibada unaanza dakika gani, unakwisha dakika gani, na katikati yake kipi ni fardhi na kipi ni sunna? Hoja yangu ni moja: fardhi za usiku hufuata anga, sunna hufuata usingizi wa mtu, lakini zote zinapimwa kwa kamba moja. Ukiishika vibaya ncha ya kamba, hata theluthi ya mwisho ya usiku utaikosea. Na Masama, kwa jinsi ilivyokaa kati ya milima miwili, ni pahali rahisi kuishika vibaya.

Jua limefichwa, halijatua

Simama Masama ya juu, ukingoni mwa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, jioni ya Machi isiyo na mawingu. Upande wa machweo, umbali wa kilomita 50 hivi, umesimama Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500. Jua linashuka karibu wima, kama lishukavyo kwetu jirani na ikweta, kisha linaingia nyuma ya mlima. Kivuli kinatambaa juu ya migomba, kuku wanapanda kulala. Mtoto aliyefunga anauliza, "Babu, tufungue?" Babu anageuka nyuma, anatazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Theluji ya kileleni bado imepigwa na jua, ina rangi ya dhahabu. "Bado, mjukuu wangu."

Babu yuko sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Kwa mtu aliyesimama mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Meru kinaonekana kimeinuka nyuzi tatu na nusu au zaidi kidogo. Jua hushuka nyuzi moja kila dakika 4. Kwa hiyo, katika siku za Machi na mwishoni mwa Septemba, linapotua upande huo, linaweza kupotea nyuma ya Meru robo saa kabla ya machweo halisi. Ramadhani za 2024 na 2025 ziliangukia Machi. Robo saa hiyo ingetosha kumharibia mtu saumu na sala kwa pamoja.

Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, waliliona tatizo hili zamani. Walisema kwenye majengo na milima mtu asitegemee kutoweka kwa duara la jua. Atazame miale iondoke kwenye kuta na vilele, na giza lijitokeze upande wa mashariki. Babu alipogeuka kukiangalia Kibo alikuwa anafanya fiqhi, hata kama hakuisomea kitabuni.

Kalenda ya nani?

Siku hizi wengi hawatazami mlima, wanatazama kalenda iliyobandikwa ukutani au simu. Hapo kuna mtego mwingine. Saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya 45, nasi wa Masama tuko kwenye 37 na kidogo. Kila nyuzi ni dakika 4, hivyo kwa wastani jua hufika katikati ya anga letu karibu saa 6:31 mchana. Kwa sababu hiyo Magharibi yetu haiji saa 12:00 kamili. Kwa mwaka mzima hucheza takriban kati ya saa 12:21, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:52, katikati ya Februari.

Dar es Salaam iko mashariki zaidi na kusini zaidi. Ukiitumia kalenda yake Masama, mwezi Desemba kosa ni kama dakika 2 tu. Machi ni dakika 8 hivi. Juni, siku zinapokuwa fupi zaidi kwa wa kusini, kosa linafika dakika 14 au 15: Dar jua limekwisha kutua, Masama bado linaonekana. Aliyesali Magharibi kwa kalenda hiyo amesali kabla ya wakati, na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haikulipa fardhi. Kalenda ya Moshi mjini inafaa, kwa kuwa tofauti ya Moshi na Masama haifiki hata dakika moja.

Kutoka Magharibi hadi Isha

Fardhi za usiku ni mbili: Magharibi rakaa 3 na Isha rakaa 4. Magharibi hukaa mpaka wekundu wa machweo utoweke. Hapo Isha inaingia. Imam Abu Hanifa alisubiri mpaka weupe unaofuata wekundu nao upotee, Imam Shafii alitosheka na wekundu. Mlimani, ukungu ukishashuka, huoni kimojawapo. Saa inabaki kuwa shahidi: kwetu ni saa moja na dakika chache baada ya Magharibi.

Masika huleta suala lake hasa. Aprili mvua za mteremkoni hunyesha kwa saa nyingi, njia za vihambani zinateleza, na mtu aliyeshuka msikitini kwa Magharibi anauwaza mlima wa kurudi na kushuka tena. Madhehebu ya Shafii yanaruhusu jamaa ya msikitini kuitanguliza Isha na kuiunganisha na Magharibi kwa ajili ya mvua. Masharti ni makali: mvua iwepo inapoanza kila sala kati ya hizo mbili, na iwepo pia wanapotoa salamu ya ile ya kwanza, wasalio watoke mbali na wapate taabu njiani. Wengi hawajui kwamba aliyeunganisha hivyo anaruhusiwa kusali witri papo hapo. Witri imefungwa kwenye Isha iliyokwisha saliwa, haikufungwa kwenye saa.

Hesabu yenyewe

Tuchukue usiku wa mwanzoni mwa Aprili. Magharibi inaingia karibu saa 12:35, Alfajiri karibu saa 11:20. Usiku wa sheria unakomea Alfajiri, hausubiri jua kuchomoza; kosa la wengi liko hapo. Kati ya ncha hizo mbili kuna saa 10 na dakika 45. Gawa kwa tatu: kila theluthi ina saa 3 na dakika 35.

Theluthi ya kwanza inaisha saa 4:10 usiku. Huo ndio muda wa hiari wa Isha kwa kauli mashuhuri ya Kishafii. Baada yake Isha bado inasihi hadi Alfajiri, lakini umeiacha saa yake bora. Theluthi ya pili inaisha saa 7:45. Kuanzia hapo hadi saa 11:20 ni theluthi ya mwisho, ambayo Hadithi za Mtume zimeisifu kuliko nyakati nyingine za usiku kwa dua na toba.

Nusu ya usiku nayo inaangukia saa 5:57, karibu sawa na saa 6 ya ukutani. Ni bahati tu. Jua letu linachelewa nusu saa nyuma ya saa ya nchi, nao usiku wa sheria unakatwa mapema kwa saa moja na zaidi kabla ya jua kuchomoza. Mapungufu mawili yanafutana.

Sunna zinavyoingia ndani ya kamba

Zamani kisimamo cha usiku kilikuwa lazima. Mwanzo wa Sura Al-Muzzammil ulikiamrisha, na Bibi Aisha amesimulia kuwa ilipita miezi 12 kabla ya mwisho wa sura hiyo kuteremka na kukilegeza kikawa cha hiari. Mtume alipowasalisha watu usiku wa Ramadhani mara chache, kisha akaacha kutoka, sababu aliyoitoa ni kuogopa wasije wakafaridhiwa. Baadaye Umar bin Khattab aliwakusanya nyuma ya Ubayy bin Kaab, ikawa tarawehe ya jamaa tuijuayo. Msikiti wa rakaa 20 unafuata kauli ya Mashafii, na wa rakaa 8 unashika Hadithi ya Bibi Aisha ya rakaa 11 pamoja na witri. Kugombana kwa jambo ambalo Mtume mwenyewe aliogopa lisije likawa lazima ni kuligeuza kichwa chini.

Tahajudi ina sharti ambalo jina lake halilionyeshi kwa Mswahili: kulala kwanza. Sunna ya usiku kabla ya kulala ni kisimamo cha usiku. Ukilala, ukaamka ukasali, hapo ndipo inapoitwa tahajudi. Husaliwa rakaa mbili mbili, na witri ndiyo hufunga. Anayeamini ataamka aicheleweshe witri. Anayeogopa usingizi aisali kabla ya kulala. Aliyesali witri na imamu baada ya tarawehe, kisha akaamka usiku wa daku, asali mbili mbili bila kuirudia, kwa kuwa witri mbili hazikai katika usiku mmoja.

Kipimo kilichosifiwa zaidi ni cha Nabii Daudi: kulala nusu, kusimama theluthi, kulala sudusi. Kwenye usiku wetu wa Aprili maana yake ni kulala hadi saa 5:57, kusali hadi saa 9:32, kisha kupumzika hadi Alfajiri. Ile saa na dakika 48 ya mwisho ina hekima kwa mkulima: humwamsha akiwa na nguvu ya fardhi ya Alfajiri na ya shamba pia. Na mwezi Julai, maji ya mfongo, mfereji wa mlimani, yanapouma vidole, kuyapasha moto mafigani kabla ya udhu hakupunguzi kitu.

Kipimo hicho si cha kila mtu, wala hakuna aliyekilazimisha. Jioni ya leo andika Magharibi na Alfajiri ya kalenda ya Moshi, toa, gawa kwa tatu, kisha rudisha theluthi moja nyuma kutoka Alfajiri. Kama hapo ni mapema mno kwako, tega kengele nusu saa kabla ya adhana ya Alfajiri. Rakaa mbili na witri moja ndani ya nusu saa hiyo ziko katika theluthi ya mwisho, na zinatosha kuanzia.