Asiyelala Ana Hatia Gani?

Fanya hesabu ndogo. Chukua vitabu vya Kiswahili ulivyosomeshwa shuleni, vile ulivyovipigia mistari kwa kalamu nyekundu ukitafuta mbinu za lugha, halafu ujiulize: ni nani humo anayesumbuliwa usiku, na kwa nini? Mimi nimeifanya hesabu hiyo mwaka huu kwa sababu silali vizuri, na kazi yangu ni kusoma na kuandika. Jibu limenikera. Katika vitabu vyetu, mtu akikosa raha usiku, aghalabu kuna kitu amefanya.

Anza na Majoka wa Kigogo. Wengi wetu tulikutana naye darasani, maana tamthilia hiyo ya Pauline Kea ilitahiniwa KCSE kwa miaka kadhaa. Majoka anaitawala Sagamoyo kwa vitisho, anafunga soko la watu wanaojitafutia riziki, na damu inamwagika kwa ajili yake. Mambo yanapomgeukia, fahamu zinampotea akiwa ndani ya ambulensi, na huko usingizini anakutana na Babu, anayemwambia yale ambayo vibaraka wake hawakuthubutu kumwambia akiwa macho. Miaka mingi kabla ya hapo, Said Ahmed Mohamed alikuwa ameshatuandikia Babu Alipofufuka (2001). K, mkubwa aliyeshiba, anajiwa na babu yake aliyekufa zamani, anatolewa kwenye starehe zake na kuzungushwa aone nchi ilivyooza. Rudi nyuma zaidi, hadi 1968, S. S. Mushi alipotuletea Makbeth wa Shakespeare kwa Kiswahili: jamaa anamuua mfalme aliyelala, na tangu siku hiyo na yeye hana usingizi.

Naelewa kwa nini waandishi hawa walifanya hivyo, na naukubali ufundi wao. Katika nchi ambazo kigogo anaiba mchana kweupe na kesi yake inaahirishwa hadi mashahidi wanazeeka, mwandishi hana polisi wala jela. Ana usiku tu. Kama korti haikumpata mchana, babu yake atampata usiku. Msomaji anafunga kitabu akiwa ameonja haki kidogo, hata kama ni ya kubuni.

Shida ni kwamba jambo likirudiwa sana huwa fundisho. Tumefundishwa kwamba kitanda ni kizimba, kwamba anayegaagaa usiku anahukumiwa. Lakini vigogo wa kweli, kwa jinsi ninavyowaona kwenye runinga asubuhi wakiwa wamenawiri, wanalala fofofo. Wasiolala ni wengine kabisa.

Tembea Nakuru saa nane usiku. Mji huu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini hata kabla ya hapo ulikuwa na watu wake wa usiku. Kuna soja wa Milimani anayelinda usingizi wa tajiri kwa kuutoa wake. Kuna mama anayesubiri lori la mboga kabla ya alfajiri. Kuna mwendeshaji boda aliyelala juu ya pikipiki yake, mguu mmoja chini. Na ndani ya vyumba vya Kaptembwa na Free Area kuna vijana kama mimi, walioacha chuo au waliomaliza bila kupata kazi, wanaoandika kwa malipo ya mtandaoni, wengine hata insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Kwetu ni saa tisa ya usiku. Muguka iko shavuni ili macho yasifunge. Kukicha, kazi imetumwa, lakini handasi imekataa kuondoka. Hapo ndipo mtu anaanza kufikiria atanunua nini cha kumlaza.

Halafu kuna wanaoogopa mvua. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel huko Solai lilivunja kingo na maji yakashuka juu ya nyumba za watu. Waliokufa walizidi 40. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji mengine yalifagia vijiji vya Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na Januari 2008, hapa Nakuru na kule Naivasha, ambako watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Mtu aliyepitia mojawapo ya mambo haya akikaa macho mabati yakianza kulia kwa mvua, au akisikia vijana wakipiga kelele barabarani, ni nani atamwambia kwamba anasutwa na dhamiri?

Utasema: si tuna Chozi la Heri? Tunayo, na ndiyo riwaya iliyokaribia zaidi. Assumpta Matei aliwaandika walioumizwa. Ridhaa ni daktari, mtu wa kutibu wengine, na anaishia kusimama mbele ya majivu ya nyumba yake na ya watu wake. Hana hatia yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishukuru kwamba hatimaye kuna mtu anayeteseka bila kuwa anaadhibiwa. Lakini hata humo, kabla ya msiba, usiku unaletewa ndege wake wa nuksi. Bundi analia, na sisi wasomaji tunajua kinachofuata. Ni mbinu ya kale na inafanya kazi. Hakuna mwanafunzi aliyekosa alama kwa kuiita taswira au kiangaza-mbele.

Tatizo langu na bundi ni dogo lakini linauma. Bundi anafanya usiku uwe umetoa onyo. Na kama onyo lilitolewa, basi aliyelala hakulisikia, na nusu ya lawama inamwendea. Solai hapakuhitajika bundi. Palikuwa na maji mengi kilimani na watu waliolala chini yake. Ukiwa na bundi, unauliza nani hakusikia. Ukiwa na ukuta wa bwawa, unauliza nani aliujenga na nani aliukagua. Maswali haya mawili hayafiki ofisi moja.

Sasa tuliangalie neno lenyewe: jinamizi. Ni neno zuri na la kuogofya. Ukilisikiliza ni kama kuna kitu kinakuinamia. Lakini tumelitumia vibaya hadi limechakaa. Fungua gazeti au redio: jinamizi la ufisadi, jinamizi la njaa, jinamizi la ukosefu wa ajira. Kila tatizo ambalo serikali imeshindwa nalo tunaliita jinamizi, na kwa hiyo siku jinamizi lenyewe likikukaba, huna neno la kumwambia mtu. Ukisema jinamizi linakusumbua, anadhani unalia njaa. Pengine pia ni kweli.

Langu huja nikiwa nimelala chali, kwa kawaida baada ya siku tatu nne za kuandika hadi alfajiri. Macho yanafunguka. Naliona pazia, naiona taa ya jirani ikipenya juu ya ukuta. Nataka kuinua mkono, hauinuki. Nataka kuita, ulimi umelala. Kisha najua, bila kuona, kwamba kuna mtu mlangoni, na kifua kinaanza kulemewa kama kimewekewa gunia la viazi. Hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika moja mbili. Ukiwa ndani yake, dakika moja ni safari ya Nakuru hadi Mombasa kwa lori.

Maelezo ya mwili yapo na si magumu. Tunapoota, ubongo huizima misuli ili tusiamke na kuanza kuigiza ndoto zetu. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa kazi yake, na ndoto nayo haijaisha. Basi inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Kulala chali, kukosa usingizi wa kutosha na kulala saa zisizotabirika huongeza uwezekano wa kupatwa. Linatisha sana, lakini kwa kawaida halina madhara. Haya ningeweza kuambiwa nikiwa na miaka kumi na minne. Badala yake ploti nzima ilikuwa na majibu mengine: umetumiwa kitu, kuna roho inakufuata, umelala bila kuomba, umemkosea nani? Nikiyatazama leo, majibu hayo yana mpangilio uleule wa Kigogo na Makbeth. Kuna kosa mahali fulani, na usiku umekuja kulidai.

Mtu akiona aibu kuulizwa amefanya nini, hasemi. Anaenda kemisti. Na hapa fasihi yetu imenyamaza. Katika kazi nilizozitaja sikumbuki mhusika anayesimama mbele ya dirisha la duka la dawa, akihesabu shilingi, akitafuta tu kulala. Dawa ikiingia katika vitabu vyetu huingia kama uraibu, kuwaonya vijana. Ilhali nusu ya watu ninaofanya nao kazi wanameza Piriton kila usiku na hawana mafua. Ile ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, na mwili unaweza kuizoea kwa siku chache, ukaanza kudai mbili, kisha tatu. Wengine wamesogea hadi diazepamu, ambayo kisheria inahitaji karatasi ya daktari. Hiyo nayo ikizoeleka hukufunga. Ukiiacha ghafla, kukesha kunarudi kukiwa kukali zaidi, pamoja na ndoto mbaya zilezile ulizokuwa unazikimbia, na kwa aliyeitumia muda mrefu kuikatisha bila daktari kunaweza kuleta hata degedege. Ukichanganya na pombe, unaweza kuacha kupumua.

Mtaani tunacheka kuhusu mchele, ile dawa anayotiliwa mtu kwenye kinywaji ili azimike aibiwe simu na pochi. Hatucheki tukijitilia wenyewe. Mtu anameza kidonge saa kumi na moja asubuhi, anaamka saa nane mchana kichwa kizito, siku imeshaibiwa, deni la Fuliza liko palepale. Madaktari wanaoshughulika na usingizi hupendekeza kwanza tiba ya mazungumzo na kubadilisha mazoea, dawa baadaye. Lakini mazungumzo yanahitaji mtu wa kuzungumza naye, na kidonge kinahitaji sarafu tu.

Ipo hadithi moja ya Waswahili iliyolishika jambo hili kwa namna tofauti, na haikuandikwa na mtu mmoja. Mwanzoni mwa 1995, Pemba na kisha Unguja, watu walianza kusimulia kwamba wanavamiwa usiku vitandani na Popobawa. Waliamka wakiwa hawawezi kusogea wala kupiga kelele, kitu kikiwalemea, na wengi walisema liliwaingilia kimwili. Wageni walilipenda tukio hili kwa kulichekea. Wengine walilifunga haraka: ni misuli iliyozimwa, ni ndoto, kwisha habari. Katrina Daly Thompson alikiita kitabu chake cha 2017 kuhusu Popobawa kwa jina linalotaja waziwazi usomaji mbovu wa dunia, na alikuwa na sababu. Mwili unaeleza kwa nini huwezi kusogea. Hauelezi kwa nini mtaa mzima ulikuwa macho.

Kinachonivutia mimi ni kanuni mbili za hadithi ile. Kwanza, ilisemekana Popobawa hutaka uwasimulie wengine, ukinyamaza, atarudi. Pili, watu walitoka nje wakalala pamoja, familia na majirani, mbele ya nyumba, moto ukiwaka. Sema, na usilale peke yako. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba hana kosa kabla ya kupewa nafasi kwenye mkeka.

Sitaipamba hadithi hii kuliko inavyostahili. Hofu ileile iliyowakusanya watu kuzunguka moto iliwafanya pia watafute wa kumpiga, na mjini Zanzibar umati ulimuua mwanamume mgonjwa wa akili ukidai ndiye Popobawa. Kwa hiyo swali la nani katuletea hili liliua hata huko. Yule aliyeuawa naye alihitaji mkeka na moto kuliko wote.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la fasihi pia, si la daktari peke yake. Mtu anapoamka hawezi kusogea, maelezo ya kwanza anayoyashika si ya maabara. Ni hadithi aliyonayo kichwani. Kama hadithi zote alizonazo zinasema usiku huja kumdai mwenye kosa, atajikagua hadi alione kosa, na akilikosa atamtafuta jirani mwenye jicho baya.

Sidai Majoka apewe usingizi mnono. Mwacheni aote. Ninachodai ni mhusika wa pili. Niandikieni soja wa miaka hamsini ambaye hajamuua mtu, hajarogwa, wala babu yake hana ujumbe, na bado anakabwa kila Alhamisi kwa sababu Jumatano huwa analinda sehemu mbili. Niandikieni mama wa Solai anayekaa kitandani viatu mguuni wingu likifunga, na msimwekee bundi. Mwandikeni akienda kemisti, mwandikeni akirudi, na katika ukurasa fulani mpeni jirani anayebisha mlango na kumwambia, hata mimi huwa linanipata. Mstari huo mmoja sijauona bado kitabuni. Niliusikia kwa mdomo wa mtu nikiwa na miaka ishirini na tatu, na usiku ule nililala bila kumeza kitu.