Hongera, Ikhwan Safaa

Tangu mwaka 1905 Nadi Ikhwan Safaa inaipigia Unguja taarab, na kwangu mimi hakuna chuo kilichoizidi. Hapo ndipo mimi na rafiki zangu tulipojifunza kusikiliza. Jioni za mazoezi tulikaa kimya tukimtazama mpiga kanuni akivaa pete zake kwenye vidole vya shahada, kisha akizikaza nyuzi moja baada ya moja, bila haraka, fidla zote zikimngoja. Wenzangu walimpenda zaidi mpiga udi. Mimi nilikuwa wa kanuni, na hadi leo sijabadilika. Wazee hawakutufukuza hata siku moja. Kijana akiomba kushika dumbaki, alipewa, na akikosea alionyeshwa tena.